Istilahi na Misimu ya Poka kwa Mchezaji Mwanagenzi: Maneno Yapi Yatafsiriwe na Yapi Yaachwe?

Ikisiri

Makala haya yanafafanua istilahi na misimu ya msingi ya mchezo wa poka, kisha yanajadili namna ya kuipatia visawe vya Kiswahili. Yanaonesha kwamba msamiati wa poka una matabaka matatu: maneno yanayotaja vifaa na hatua za mchezo, misimu inayowataja wachezaji na hali zao, na maneno yanayotaja mwendo wa fedha. Hoja kuu ni kwamba matabaka hayo hayastahili kushughulikiwa kwa kipimo kimoja. Maneno ya vifaa tayari yana akiba kubwa katika Kiswahili. Misimu inahitaji kufafanuliwa tu. Lakini maneno ya fedha ni lazima yatafsiriwe kwa Kiswahili wazi, kwa sababu ndiyo yanayomficha mwanagenzi gharama anayolipa. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa mabaraza ya lugha na mamlaka zinazosimamia michezo ya kubahatisha.

Maneno makuu: poka, karata, istilahi, misimu, dau, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Poka ni mchezo wa karata ambamo wachezaji huwekeana dau wao kwa wao, kila mmoja akidai kwa vitendo kwamba ana mpangilio bora wa karata kuliko wenzake. Kwa kuwa sehemu ya karata hufichwa, mshindi si lazima awe mwenye karata nzuri. Aweza kuwa yule aliyewafanya wengine waamini kuwa anazo.

Kwa muda mrefu mchezo huu, kwa upande wetu wa Afrika, ulikuwa wa kasino na hoteli chache za mijini. Simu za mkononi zimeubadilishia makazi. Anayeufungua leo kwa mara ya kwanza hukutana na msamiati mzito wa Kiingereza cha Marekani, ambao hata msomi wa Kiingereza hauelewi kwa kujua maana za kawaida za maneno hayo. Mwanagenzi asiyeelewa neno hubofya kwanza na kuuliza baadaye, na kila anapobofya hutoa fedha.

Swali linaloongoza makala haya ni jepesi kuuliza: ikiwa msamiati huu utaingizwa katika Kiswahili, ni maneno yapi yatafsiriwe, yapi yatoholewe, na yapi yaachwe yapite? Desturi ya kuunda istilahi imekuwa kulitazama neno moja moja na kulitafutia kisawe. Makala haya yanapendekeza kipimo kingine, yaani kuangalia kwanza neno linamfanyia nini anayelisikia.

2.0 Chimbuko la mchezo na la lugha yake

Poka ilipata sura yake huko New Orleans na katika bonde la mto Mississippi mwanzoni mwa karne ya 19. Wataalamu wengi hulihusisha jina lake na mchezo wa Kifaransa ulioitwa poque. Mwanzoni zilitumika karata 20 tu. Kadiri mchezo ulivyopanda mto kwa meli za mvuke, karata zote 52 zikaanza kutumika. Mchezo uliozaliwa miongoni mwa wafanyabiashara, mabaharia na walaghai wa melini ulibeba lugha ya watu hao: ya mzaha, ya mkato na ya kificho.

Aina iliyoenea zaidi leo ni ile ya Texas. Bunge la jimbo hilo liliutambua rasmi mji wa Robstown mwaka 2007 kuwa ndipo ilipoanzia. Kutoka huko ilihamia Las Vegas katika miaka ya 1960, na mwaka 1970 yakaanzishwa mashindano yanayojulikana kama World Series of Poker. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 2003, pale Chris Moneymaker, mhasibu aliyekuwa amefuzu kupitia mchezo wa mtandaoni, alipowashinda washiriki 838 na kutwaa dola milioni 2.5. Miaka mitatu baadaye shindano hilohilo lilikuwa na washiriki 8,773. Tangu hapo lugha ya meza za Marekani imekuwa lugha ya skrini za dunia nzima.

Poka pia imeacha alama katika Kiingereza cha nje ya meza. Hisa za kampuni imara huitwa kwa jina la kete ya buluu, ambayo kwa desturi ilikuwa ya thamani ya juu mezani. Kiswahili nacho kina tabia hiyohiyo kuhusu karata kwa jumla. Mwanasiasa aliyepanga mambo yake kwa hekima husemwa amechanga karata zake vizuri. Hoja yenye nguvu kuliko zote ni karata ya turufu. Na mwenye kuongeza masharti katika mazungumzo amepandisha dau. Kwa hiyo poka haiikuti lugha yetu ikiwa tupu.

3.0 Maneno ya vifaa na hatua za mchezo

3.1 Akiba iliyopo

Maneno ya msingi ya karata katika Kiswahili yalitoka kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 na kuitawala Mombasa hadi Ngome ya Yesu ilipoanguka mwaka 1698. Kutoka kwao tulipata karata yenyewe, turufu, na majina ya aina nne: kopa, uru, shupaza na pao. Kopa limeishi maisha mapana zaidi, kwani wengi wasiocheza karata kabisa hulitumia kwa mchoro wa moyo wa wapendanao. Karata yenye alama moja huitwa ree. Vitenzi navyo vipo: karata huchanganywa au huchangwa, hukatwa, hugawiwa na hutupwa.

Kwa tabaka hili, kazi ya mwanaistilahi ni kukumbusha kuliko kubuni. Programu inayomwandikia Mswahili jina la Kiingereza la kopa haijamrahisishia lolote.

3.2 Mwendo wa mgao mmoja

Katika poka ya Texas, kila mgao huanza na alama ndogo ya mviringo inayoonesha nani anahesabiwa kuwa mgawaji. Alama hiyo huzunguka meza ili faida ya kucheza mwisho isimkae mtu mmoja. Wachezaji wawili wanaofuata hulazimika kuweka dau kabla ya kuona karata: wa kwanza dogo, wa pili kubwa, kwa kawaida maradufu ya lile dogo. Kiingereza huyaita madau hayo "vipofu". Kiswahili hakihitaji upofu huo. Dau la lazima dogo na dau la lazima kubwa hueleza jambo zima.

Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Baada ya duru ya kwanza ya dau, karata tatu huwekwa wazi mezani kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano, na kila hatua hufuatwa na duru nyingine ya dau. Hatua hizo tatu huitwa flopu, tani na riva. Mtu aweza kushawishika kuiita flopu "karata tatu". Nchini Tanzania hilo lingekuwa kosa, kwa maana karata tatu ni jina la ulaghai maarufu wa mitaani na kwenye vituo vya mabasi. Hapa utohozi ni salama kuliko tafsiri.

Kila inapofika zamu yake, mchezaji ana uamuzi wa aina tano, ambao kwenye skrini huandikwa kwa neno moja moja la Kiingereza:

(a) "Check": kupisha, yaani kupitisha zamu bila kuweka dau wala kujitoa.
(b) "Call": kulifikia dau la aliyetangulia.
(c) "Raise": kupandisha dau.
(d) "Fold": kutupa karata na kujitoa, ukiacha ulichokwisha kuweka.
(e) "All-in": kuweka vyote ulivyonavyo mezani.

Kutupa karata na kupandisha dau ni semi zinazosikika kila siku. Fedha zilizokusanyika katikati zinaweza kuitwa fungu la mezani, na mwenye mpangilio bora mwishoni hulila fungu hilo. Kitenzi kula, pamoja na kuliwa kwa anayepoteza, tayari ni lugha ya kamari katika Kiswahili na hakina haja ya mbadala.

3.3 Mipangilio ya karata

Jedwali 1 linaonesha mipangilio ya karata tano kuanzia ulio bora, pamoja na idadi ya njia ambazo kila mpangilio waweza kutokea karata tano zinapogawiwa moja kwa moja kutoka katika 52. Jumla ya njia zote ni 2,598,960.

Jedwali 1: Mipangilio ya poka na idadi ya njia zake

| Mpangilio | Maelezo | Idadi |
|---|---|---|
| Mfululizo wa kifalme | Kumi hadi ree, za aina moja | 4 |
| Mfululizo wa aina moja | Tano zinazofuatana, za aina moja | 36 |
| Nne sawa | Karata nne za thamani moja | 624 |
| Tatu na jozi | Tatu sawa pamoja na jozi | 3,744 |
| Aina moja | Tano za aina moja, zisizofuatana | 5,108 |
| Mfululizo | Tano zinazofuatana, aina tofauti | 10,200 |
| Tatu sawa | Karata tatu za thamani moja | 54,912 |
| Jozi mbili | Jozi mbili tofauti | 123,552 |
| Jozi moja | Karata mbili za thamani moja | 1,098,240 |
| Karata ya juu | Hakuna mpangilio wowote | 1,302,540 |

Katika poka ya Texas mchezaji huchagua tano bora kati ya saba, hivyo uwezekano hubadilika, ingawa daraja za ubora hubaki zilezile. Jambo la kuzingatia ni la lugha pia. Mfululizo wa kifalme, unaopambwa katika matangazo, hupatikana kwa njia 4 tu, ilhali karata ya juu na jozi moja kwa pamoja huchukua zaidi ya asilimia 92 ya njia zote. Msamiati wa fahari umewekwa juu ya matukio ambayo mchezaji anaweza asiyaone maisha yake yote.

4.0 Misimu ya wachezaji

Tabaka la pili ni la misimu, na hapa ndipo poka ina utajiri mkubwa. Mchezaji dhaifu huitwa samaki. Anayewavua ni papa. Tajiri anayepoteza fedha nyingi bila kujali ni nyangumi. Anayefanya maamuzi ya kijinga ni punda. Mswahili wa pwani hahitaji kufasiriwa uhusiano wa papa na samaki. Lakini funzo lililomo si la mzaha: katika lugha ya meza, mwanagenzi tayari ana jina, na jina hilo ni la chakula.

Si kila mnyama huvuka mpaka kwa usalama. Mchezaji mwoga, anayesubiri karata bora tu, Kiingereza humwita "nit", yaani yai la chawa. Mfasiri akifuata taswira hiyo atapotea, kwa kuwa katika Kiswahili cha Tanzania cha miaka ya karibuni chawa ni mpambe anayemsifu mkubwa ili apate riziki. Neno bahili linatosha.

Msimu wenye uzito zaidi kwa mwanagenzi ni tilti. Ulitoka katika mashine za kuchezea gololi, ambazo mchezaji akiziinamisha kwa hasira hujizima. Katika poka humaanisha hali ya mchezaji aliyeumizwa na hasara hadi akaanza kuweka dau ovyo ili arudishe kilichopotea. Kiswahili kina kitenzi kuhamaki, na kina methali inayofupisha sura nzima ya vitabu vya poka: hasira hasara. Mchezaji aliyehamaki hana budi kuondoka mezani, na onyo la namna hiyo likiandikwa kwa maneno haya litaeleweka kuliko lililotoholewa.

Karibu na hilo ni usemi wa kupigwa vibaya, unaotumika pale mwenye karata bora anaposhindwa na karata ya mwisho. Usemi huu una hatari yake. Humfundisha mchezaji kuiona hasara kama dhuluma, na aliyedhulumiwa hudai haki yake, yaani huendelea kucheza. Ilhali kihesabu, mwenye uwezekano wa asilimia 80 hushindwa mara moja katika kila tano, na hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Kwa kitendo cha kuweka dau kubwa ukiwa na karata mbovu ili wenzako wajitoe, Kiswahili kina neno bora kuliko blafu inayotoholewa, nalo ni kuzuga. Linabeba udanganyifu, uchangamfu na hatari kwa pamoja.

Yako pia maneno ya simulizi. Ree mbili za siri huitwa roketi. Hutokea mara 1 katika kila migao 221. Ree mbili na nane mbili huitwa karata za marehemu, kwa kuwa masimulizi yanadai ndizo alizoshika Wild Bill Hickok alipouawa kwa risasi huko Deadwood mwaka 1876. Maneno ya aina hii hayahitaji istilahi sanifu. Yatosha kuyaeleza mara moja katika faharasa.

5.0 Maneno yanayoficha fedha

Tabaka la tatu ndilo dogo kwa idadi na kubwa kwa athari. Neno lake kuu ni "rake", ambalo kwa Kiingereza cha kawaida ni reki ya kukusanyia majani. Katika poka ni sehemu ya fungu la mezani inayokatwa na mwenye meza. Kwa kuwa katika poka wachezaji hushindana wao kwa wao, mwenye meza hana haja ya kumshinda yeyote. Hula kwa kukata.

Tuchukulie meza ya wachezaji sita, kila mmoja akiwa na shilingi 10,000, jumla shilingi 60,000. Mwenye meza hukata asilimia 5 ya kila fungu, na fungu la wastani ni shilingi 2,000, hivyo kila mgao hukatwa shilingi 100. Ikichezwa migao 30 kwa saa, hukatwa shilingi 3,000. Baada ya saa tano zimekatwa shilingi 15,000, yaani robo ya fedha zote zilizoingia mezani. Hata wachezaji hao wakiwa na ujuzi sawa kabisa, kila mmoja atakuwa amepungukiwa kwa wastani shilingi 2,500, na hakuna aliyedanganywa. Kumbi nyingi huweka kikomo cha makato kwa kila fungu. Kikomo hicho hupunguza kasi, hakibadilishi mwelekeo.

Mwanagenzi anayesoma "reki asilimia 5" haoni hesabu hiyo. Anayesoma "mwenye meza anakata shilingi 5 katika kila shilingi 100 za fungu" anaiona. Tofauti ni ya sarufi kama ilivyo ya msamiati: sentensi ya pili ina mtenda, kitenzi na kiasi.

Neno la pili ni lile la vipande vinavyowakilisha fedha. Kiingereza huviita kwa neno ambalo kwetu limekwisha kuwa chipsi, yaani viazi vya kukaanga, kwa hiyo kete ndiyo chaguo la wazi, kama katika bao. Tatizo ni kwamba kete huuweka umbali kati ya mkono na shilingi. Anayesukuma kete 40 hasikii uzito wa noti alizozinunulia. Hivyo kete itumike, lakini thamani yake kwa fedha iandikwe kando yake daima.

Tatu ni majina ya malipo ya kuingia na kurudia. Kiingilio kinaeleweka. Lakini "kununua tena", linaloandikwa kwenye kitufe mara tu mchezaji anapomaliza kete, lina sauti ya biashara, hali tendo lenyewe ni kuweka fedha mpya baada ya kupoteza za awali. "Ongeza fedha nyingine" ni maneno yaleyale bila pambo. Kadhalika "zawadi" ya kumkaribisha mchezaji, ambayo haiwezi kutolewa mpaka acheze kiasi fulani, si zawadi bali ni punguzo lenye masharti, na iitwe hivyo.

6.0 Mjadala: jina la mchezo na sera

Kiswahili kina majina matatu kwa jambo hili, na kila moja lina hukumu yake. Kamari, lenye asili ya Kiarabu, limebeba katazo la kidini na lawama ya jamii. Michezo ya kubahatisha ni lugha ya sheria. Tanzania hulitumia katika sheria yake ya mwaka 2003 na katika jina la bodi yake. Kubeti ni lugha ya vijana, isiyo na lawama wala sheria. Vijana hao wamethibitisha pia kwamba hawangoji mabaraza: mkeka wa ubashiri, na mkeka unaochanika, ni ubunifu wao ulioenea bila amri ya mtu.

Mshauri wa sera anayeandika onyo achague kwa makusudi. "Kamari" litawafikia wazazi na kuwafukuza wachezaji. "Kubeti" litawafikia wachezaji. "Michezo ya kubahatisha" litakubalika mahakamani. Onyo moja laweza kuhitaji mawili kati ya hayo. Uamuzi huo unakuwa mgumu zaidi kwa kuwa sheria za majirani hazilingani: Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2016, humzuia aliye chini ya miaka 25, ilhali Tanzania na Kenya zina kikomo cha miaka 18. Programu ileile, kwa Kiswahili kilekile, huvuka mipaka hiyo bila pasipoti.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa: je, kuipa poka Kiswahili kizuri si kuitangaza? Hofu hiyo ina msingi. Faharasa iliyoandikwa kwa bashasha yaweza kuwa tangazo. Lakini kunyamaza hakujamzuia yeyote. Kumemwacha mwanagenzi ajifunze maana ya kila neno kwa kulipa. Jibu liko katika mgawanyo uliopendekezwa hapa. Lugha haitakiwi kuupamba mchezo kwa kutafsiri roketi na papa. Inatakiwa kuyafumbua makato, masharti na hasara.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala yameonesha kwamba matabaka matatu ya msamiati wa poka yanadai mbinu tatu tofauti. Kutokana na hayo, yanapendekezwa mambo manne:

(i) Maneno ya vifaa na hatua yachukuliwe kwanza kutoka katika akiba ya karata iliyopo, na utohozi utumike pale tafsiri inapoleta maana potofu, kama ilivyo kwa flopu.

(ii) Misimu ifafanuliwe katika faharasa bila kusanifishwa, isipokuwa ile inayotaja hali hatarishi, kama kuhamaki, ambayo iingie katika maonyo rasmi.

(iii) Mamlaka za michezo zishurutishe kwamba makato, kiingilio, fedha za nyongeza na masharti ya punguzo viandikwe kwa sentensi kamili za Kiswahili zinazotaja nani anachukua, kiasi gani, na lini.

(iv) Kwa kuwa michezo hii huvuka mipaka, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na BAKITA na vyombo vya nchi nyingine, iandae orodha fupi ya maneno ya fedha inayokubalika katika nchi zote wanachama. Maneno 20 yatatosha kuanzia, na "makato ya mwenye meza" yawe la kwanza.